Kalamu Nyekundu ya Shangazi

4 Februari

Shangazi yangu, mwenye kalamu iliyowatoa mahakimu jasho,

Shikamoo. Natumaini magoti yamekupa nafasi ya kupumua na yule jirani wa ukutani ameacha kupigilia misumari. Huku wote wazima. Baba bado anabishana na redio, na redio bado inashinda. Mama ameniambia nikusalimie kabla sijasahau, basi umesalimiwa, asije akasema sikusema. Binti yako, Malkia wetu, namwona kila siku pale dirisha la mapokezi ya hospitali, kitambulisho kinaning'inia shingoni kama medali. Anakula, analala, anajisikia. Hana shida yoyote.

Mimi sasa. Wewe unajua ni yeye aliyenisemea kwa wakubwa nikaingizwa chumba cha usalama wa mitandao, na hanisahaulishi. Lakini kazi naifanya mimi. Kijana aliyeishia kidato cha pili, leo analinda kompyuta za hospitali nzima. Wenye digrii zao wananiita niwaonyeshe mwizi kapitia wapi. Wanakuna vichwa, mimi nanywa chai, nanyoosha kidole: huyu hapa.

Tatizo ni moja na ni la kijinga. Kila tukigundua jambo lazima tuandike ripoti kwa wakubwa. Mwezi uliopita niligundua kwamba akaunti ya daktari aliyestaafu bado inafunguka, na kuna mtu anaingia nayo. Nikaandika kurasa nne, tamu kweli. Mkuu wa kitengo hakufika ya pili. Wiki iliyofuata yule mtu akafuta ratiba yote ya wagonjwa wa macho, watu wakajazana ukumbini wanashikana mikono kama watoto wa chekechea.

Kwenye kikao mkuu akaitoa ripoti yangu, akasoma mwanzo wake kwa sauti: "Wapendwa wakubwa, baadhi yenu mtashangaa jinsi kijana mdogo alivyonusa jambo ambalo hata mashine za bei kali zililala fofofo zisilione." Chumba kizima kikacheka. Akanitazama.

"Bwana mdogo, kwenye kurasa nne hizi, ni wapi ulituambia tufunge hiyo akaunti?"

"Ukurasa wa tatu, mkuu. Kule chini."

"Una mpaka Juni. Ujifunze kuandika, la sivyo unarudi kuburuta nyaya."

Sasa Shangazi, wewe ulikaa masjala ya mahakama mpaka ukapewa saa ya ukutani ya kustaafu. Nifundishe. Ila tuandikiane kwa karatasi. Simu naijua mimi, najua inavyosomwa na watu wasiohusika.

Wako asiye na mpinzani ila kwenye karatasi.

---

19 Februari

Kiherehere,

Salamu zimefika. Magoti ni yale yale. Jirani amehama, aliyekuja ana ngoma. Kaka yangu mwambie redio haimsikii.

Karatasi ni sawa kwangu. Kioo cha simu siwezi kukisahihisha kwa kalamu nyekundu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa adhabu. Shida yako imeanza katikati ya ukurasa wa pili. Kabla ya hapo nimejua unakunywa chai, unanyoosha kidole, na wenye digrii wanakuna vichwa. Kama mimi nisiye na kazi nimechoka, mkuu wako mwenye kazi alifanya vema kuishia ukurasa wa kwanza. Watu wasioona vizuri walisimama ukumbini kwa sababu wewe ulitaka kusifiwa kwanza. Ukumbuke hilo kila ukishika kalamu.

Sikia. Ripoti inaanza na kilichotokea. Kinachofuata, nani ameumia. Halafu nani afanye nini na kabla ya lini. Mkubwa akiitwa mlangoni hapo hapo, awe ameshaelewa. Kinachobaki chini ni cha mwenye muda.

Kila rasimu utakayoandika, niletee. Nitaisahihisha na kukurudishia nakala ya masahihisho. Karatasi yako yenyewe inabaki huku. Masjala yetu ilikuwa hivyo, karatasi ya kwanza haitoki mlangoni, inayotoka ni nakala, na sitabadilika uzeeni kwa ajili yako. Nimekufungulia faili. Juu nimeandika jina lako lote na chini yake neno moja: Mgumu.

Binti yangu aliandika barua ya kusomeka akiwa na miaka tisa. Umri huo wewe ulikuwa unakula chaki, na mwalimu wako ndiye aliyenieleza. Msalimie.

Shangazi yako.

---

7 Machi

Shangazi wa mimi, mkali kama sabuni ya jichoni,

Shikamoo. Pole na ngoma za jirani. Mama alikuwa na homa, imepita. Baba amenunua redio mpya, ugomvi umeanza upya.

Haya, sasa soma hii, nimeambatanisha. "Kompyuta ya maabara imekuwa ikituma mafaili nje ya hospitali tangu Jumatatu. Majibu ya vipimo vya wagonjwa yanaweza kusomwa na mtu tusiyemjua. Maabara wazime mashine hiyo leo, sisi tutaipitia kesho." Unaona? Mistari mitatu. Mkuu aliisoma amesimama, akapiga simu maabara papo hapo. Nyusi ilipanda. Nyusi ya yule bwana haipandi bure.

Lakini ngoja nikuchekeshe. Juzi niliwaandikia watu wa mapokezi onyo la barua pepe za ulaghai. Malkia wako akaibandika dirishani, akaisoma kwa sauti mbele ya wenzake na foleni nzima ya wagonjwa. Akamaliza, akaniita: "Mdogo wangu, hili ni onyo au barua ya mapenzi? Maana nimeona moyo wako, sijaona onyo." Hata mgonjwa mwenye mguu wa plasta alicheka. Na mimi nilicheka. Mimi nacheka vizuri sana nikichekwa, na sisahau.

Jingine. Hospitali yetu ina sheria ya ajabu. Ukifungua kitu kibaya kwenye kompyuta ukajisema mwenyewe saa ile ile, huguswi. Ukinyamaza tukakukamata, unafukuzwa. Na ripoti zetu hazitaji jina la mtu, tunaandika Mtumishi A, Mtumishi B, ili watu wasiogope kusema. Ningezaliwa chini ya sheria hii, Babu angekufa hajawahi kunichapa.

Mwanafunzi wako, ambaye kwa kweli sasa ni fundi.

---

25 Machi

Kiherehere,

Nimefurahi mama yako amepona. Magoti sitayataja tena, usiyaulize.

Mistari yako mitatu inapita. Usinenepe kichwa. Mtoto akitembea hatua tatu hatumtafutii viatu vya mbio.

Hiyo sheria ya hospitali ni ya chekechea. Mahakamani aliyejisema tulimwandika, na aliyekamatwa tulimwandika, majina yao yote mpaka la babu. Atakayewahurumia ni hakimu. Karani anaandika tu. Ripoti isiyo na jina ni umbea uliovaa tai. "Mtumishi A" ni nani? Ana mikono? Mmekaa mnafichana, halafu mnashangaa kwa nini wakubwa hawawasomi.

Binti yangu alifanya vizuri kukusoma mbele ya foleni. Ningekuwepo ningemshikia karatasi. Onyo lako lilistahili, na yeye anajua kuandika kwa sababu alilelewa na mtu anayejua. Ungelelewa na mimi usingeacha shule. Kaka yangu ana moyo laini, matokeo yake ni wewe.

Rasimu ya maabara ipo kwenye faili. Endelea.

---

16 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima, Baba anakusalimu, hana habari mpya. Nakimbilia jambo lenyewe, unaona nilivyofundishika.

Jumanne tulivamiwa. Mtumishi mmoja wa ghorofa ya chini alipata barua pepe yenye sura ya daktari mkuu, saini yake na utani wake wa kawaida, inasema ratiba mpya ya zamu imeambatanishwa. Akaifungua. Mafaili yakaanza kujifunga moja moja kama maduka saa ya magharibi. Nilikuwa peke yangu chumbani, wenzangu wameenda kula. Simu yangu ya mkononi ikalia.

"Nimeharibu. Nimefungua kitu. Chomoa kila kitu, usiniulize."

Sikuuliza. Nilishuka ngazi nikachomoa waya mkuu wa ghorofa ya chini kwa mkono huu huu. Ghorofa za juu, vyumba vya upasuaji, wodi ya watoto, vyote vikapona. Chini walifanya kazi kwa kalamu siku mbili. Mzee mmoja wa kusafishwa figo alirudishwa nyumbani mara mbili, ya pili alibebwa.

Ripoti kamili inatakiwa mwisho wa mwezi. Nimeambatanisha rasimu. Karatasi za kazi haziruhusiwi kutoka nje ya jengo, nimetia saini kabisa, lakini sheria hiyo ni ya wanaokamatwa. Isome:

"Jumanne mchana virusi viliingia kwenye kompyuta za ghorofa ya chini na kufunga mafaili ya wagonjwa. Wagonjwa wa nje hawakuhudumiwa ipasavyo kwa siku mbili. Kila idara ibadilishe maneno yake ya siri kabla ya Ijumaa. Virusi viliingia kupitia kiambatisho alichofungua Mtumishi A. Mtumishi A alikuwa kwenye zamu ya pili mfululizo bila kupumzika. Barua pepe hiyo ilifanana kabisa na za daktari mkuu. Mtumishi A alinipigia simu mwenyewe papo hapo, na kwa sababu ya simu hiyo niliwahi kuchomoa waya."

Nina swali. Mkuu safari hii ameniachia mwenyewe niamue kama nitataja jina, kwa kuwa bodi imekasirika. Mimi naona niache A ilivyo. Unasemaje? Fikiria vizuri kabla hujajibu, Shangazi. Vizuri kabisa.

---

27 Aprili

Kiherehere,

Salamu kwa wote. Nimeenda kupimwa macho, nimeambiwa niyapumzishe, ndiyo nikapokea rasimu yako.

Sentensi tatu za mwanzo sikuzigusa. Nilikaa nikitafuta kosa, sikulipata, nikakasirika, nikapika chai. Hapo umeandika.

Kuanzia ya nne umekuwa wakili. Nani aliyekuajiri umtetee huyu mtu? "Zamu ya pili mfululizo", futa. Kila mwizi tuliyemwandika alikuwa amechoka au ana njaa. "Ilifanana kabisa", futa. Kazi ya macho ni kutofautisha vinavyofanana. Na ya saba ndiyo imenichosha kabisa. Mtu amechoma nyumba, wewe unamshukuru kwa kupiga kelele za moto. Nimeipiga mstari mwekundu tangu mwanzo mpaka nukta. Andika hivi: "Nilichomoa waya mkuu na ghorofa za juu zikapona." Basi.

Jina weka. Lote. Unaniambia nifikirie vizuri, nimefikiri tangu hujazaliwa. Mzee wa figo alibebwa, naye ana jina. Hata huyo A angekuwa mama yako mzazi, andika. Ukishindwa, usiniandikie tena, rudi ukaburute nyaya, maana woga wako wa kalamu ni ule ule uliokutoa shuleni.

Nakala ya masahihisho hii hapa. Ya kwanza ipo kwenye faili.

Binti yangu mwezi huu hajaniandikia. Mwambie kazi isimsahaulishe mama.

---

14 Mei

Shangazi, mwalimu wa walimu,

Shikamoo. Macho yanaendeleaje? Yapumzishe, yatahitajika. Huku Mama mzima, Baba redio, yale yale.

Ripoti imepita, tena si kupita tu. Mkuu aliisoma mbele ya bodi, safari hii hakuna aliyecheka. Mwenyekiti wa bodi akauliza, "Nani huyu anaandika hivi?" Nikasimama. Akauliza, "Umesomea wapi?" Nikasema nimejisomea. Usikasirike, ningesema nina shangazi wangeniona mtoto. Sasa imebandikwa chumbani kwetu kama mfano, wenye digrii wanainakili. Nyaya nimeziaga. Kuanzia Juni mimi ni mkuu wa zamu, nina kiti kinachozunguka.

Nilifuata kila ulichosema. Nilifuta ulichofuta. Jina nimeliandika lote mpaka la babu, kama mahakamani.

A aliitwa mbele yao. Akasema alijisema mwenyewe, kwa hiyo sheria inamlinda. Mkuu akafungua ripoti, akaisoma taratibu mpaka chini. "Humu haimo," akasema. Akanigeukia. "Alikupigia?"

"Ripoti ina kila kitu, mkuu," nikasema.

A alinitazama. Sikujua mtu anaweza kutazama hivyo bila kupepesa. Halafu akavua kitambulisho shingoni, akakiweka mezani polepole kama kitu cha kuvunjika, akatoka. Nasikia na hospitali nyingine wakipiga simu kumuulizia, wanasomewa ripoti yangu. Sentensi fupi zinasomeka vizuri kwenye simu.

Ulilalamika kwamba binti yako haandiki. Nadhani sasa atapata nafasi.

Fundi wako.

---

1 Juni

Mwanangu, mtoto wa kaka yangu, damu yangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama wewe na baba na mama na wote hapo nyumbani, na hata redio, maana siku hizi nakumbuka mambo yenu nacheka mwenyewe, ingawa kucheka sasa sicheki sana. Jirani wa ngoma naye amenyamaza, sijui amejua, watu wanajua mambo ya watu hata usiposema. Macho ni hivyo hivyo. Nakumbuka ulipokuwa mdogo ulivyokuja kukaa kwangu likizo, dada yako akakufundisha kufunga kamba za viatu, ukawa huzifungi, unataka afunge yeye tu, sijui kama unakumbuka, ulikuwa mdogo, lakini yeye alikupenda na ndiye aliyekwenda kwa wakubwa kukusemea, hilo nalo si dogo.

Alifika na sanduku la karatasi. Sikumuuliza, nilidhani ni likizo. Alikaa siku ya kwanza, ya pili, amekaa anatazama ukuta, nguo za kazi amezikunja juu ya kiti na hazitoi. Nilimuuliza mara nyingi ndipo akaniambia ni nini, na nani aliyeandika, na kwamba alikupigia simu na wewe ulikuwa unajua. Sikumwambia kitu kuhusu kalamu. Nitamwambia. Nimetafuta namna, sijaipata. Mwanangu, mimi sikujua. Ungeniambia ni nani. Neno moja tu ungeniambia. Najua niliandika hata angekuwa mama yako, hayo ni maneno ya karani mzee, mtu hayashiki hivyo.

Ameomba kazi sehemu tatu, wote wamekataa, wanasema wamesikia. Chakula hali vizuri. Sasa nilikuwa nawaza, sijui utaonaje, sitaki kukuharibia cheo chako na nimefurahi kwa kweli umepanda, lakini kama ungeweza, kwa wakati wako, kumwandikia mkuu wako mstari mmoja tu, kwamba ile simu ilipigwa. Mmoja tu. Nakuomba kwa magoti yangu haya haya.

Shangazi yako anayekupenda.

---

19 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Wazima wote.

Nakurudishia barua yako ikiwa imesahihishwa. Sikufanya nakala, mimi siweki mafaili, nimesahihisha juu yake yenyewe. Kalamu nyekundu nimeinunua kwa ajili hiyo, nzuri sana, haivuji.

Ombi lako limekuja mwisho kabisa. Kama mimi mwenye cheo na kazi ningeitwa mlangoni, ningeondoka nikijua habari za jirani na kamba za viatu. Nimezipiga mstari zote mbili. "Anatazama ukuta", "hali vizuri", futa, hapo umekuwa wakili. "Sikujua", futa pia. Nilikuambia ufikirie vizuri kabla hujajibu, na barua hiyo naamini unayo. "Nakuomba kwa magoti" nimeacha, maana magoti yako nayajua tangu zamani.

Ukiondoa hayo yote inabaki sentensi moja: Binti yangu alijisema mwenyewe. Fupi, safi, hata mimi ningejivunia. Shida yake ni kwamba haina karatasi. Kwenye ripoti haimo. Simu ilikuja kwenye simu yangu, si ya mezani, na chumbani nilikuwa peke yangu. Waliniuliza tena wiki iliyopita kuhusu simu ya siku ile, nikasema dada hunipigia karibu kila mchana kuniuliza kama nimekula. Wakacheka, wakasema una dada mzuri. Nikasema sana.

Nikiuandika huo mstari leo wataniuliza ulikuwa wapi mwezi wa nne. Ripoti yangu iko ukutani, Shangazi. Vijana wapya wanaletwa kuisoma. Siwezi kuipandia ukutani na kalamu nikaandika samahani kidogo, kuna mtu nilimsahau.

Mwambie Malkia dirishani pake amewekwa mwingine. Onyo langu jipya la barua pepe limebandikwa pale pale, safari hii halina moyo ndani yake hata kidogo. Angelisoma kwa sauti, foleni isingecheka.

Kiti kinazunguka vizuri.

Mkuu wa zamu.

---

6 Julai

Kiherehere,

Jumatatu nilimkabidhi mkuu wako, mkononi, rasimu yako ya mwezi wa nne, ile ya kwanza. Mwanangu amerudishiwa kazi yake, na wewe umesimamishwa ya kwako. Andika maelezo kabla ya Ijumaa kwa nini karatasi ya hospitali ilikuwa nyumbani kwa mwanamke aliyestaafu.

Mengine ni ya mwenye muda, nawe sasa utakuwa nao.

Nilisafiri na faili lote. Mkuu wako alisoma sentensi ya saba kwa sauti, ile yenye mstari mwekundu, mbele yangu na mbele ya mwenyekiti wa bodi. Ulikuwa umeiandika vizuri. Hata chini ya wino wangu ilisomeka mwanzo mpaka nukta. Akauliza mstari huo umepigwa na nani. Nikasema mimi. Akauliza kama nilijua ni mwanangu. Nikasema hapana, kijana ndiye aliyejua. Akaandika hilo kama lilivyo, sikuwa na la kumsahihisha.

Kabla sijaondoka nyumbani faili lilikuwa wazi mezani. Mwanangu alilisoma lote, rasimu zako na masahihisho yangu, mpaka lile neno "futa" pembeni ya sentensi ya saba, mwandiko wa mama yake. Akalifunika, akalifunga kwa kamba yake vizuri, akaniletea. Jana amepanda gari kurudi kazini, na mimi nimebeba mzigo wake mpaka barabarani. Alisema asante, kama anavyosema kwa watu wa foleni.

Maelezo yako kwa mkuu usinitumie kwanza. Kalamu nimeiweka. Na faili lako nimeliacha kule kule hospitali, sasa ni lao. Sikubaki na nakala.

Baba yako nimemwandikia barua ya peke yake. Ni fupi.